Bampa la Mbele

Tak Geum-ju alikuwa kiguu na njia tangu tumboni mwa mama yake. Mama huyo alikuwa mbandikaji wa karatasi za ukutani, na hata mimba ilipokomaa hakukubali kushuka kwenye ngazi. Uchungu ulimshika akiwa na brashi ya gundi mkononi, ndani ya nyumba ya watu wengine hapa mjini Daegu. Mtoto akakulia humohumo, katika nyumba tupu zisizo zao. Leo wanabandika hapa, kesho mtaa wa pili, na nyumba ikishapendeza wao wanakunja turubai na kuondoka. Aliwahi kuniambia kwamba mpaka leo akiketi katika chumba chenye makabati na picha ukutani, moyo unamdunda kana kwamba amechelewa kutoka.

Nilimfahamu kwenye karakana ya Bosi Pyo, katika mtaa wa maduka ya mapambo ya magari. Kazi yangu mimi ilikuwa ndani ya gari: viti vya ngozi, mazulia, kuondoa harufu ya sigara na ya maziwa yaliyomwagika. Geum-ju alikuwa fundi wa utando, ile ngozi ya plastiki isiyoonekana inayovishwa juu ya rangi ya magari ya bei mbaya ili kokoto za barabara kuu zisiitoboe. Karatasi za ukutani zilipomchosha alihamia huko, katikati ya vijana waliomwita shangazi na kumuuliza kama amekuja kubandika maua kwenye milango. Alivuta utando juu ya boneti, akayasukuma maji kwa kipangusio cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni, na maswali yakakoma.

Ila hatulii. Kwake yeye kusubiri ni ugonjwa. Maji ya tambi hayajachemka, yeye keshamimina. Na kosa likitokea mahali, liwe lake au la mwingine, anakusanya visu vyake na kipangusio chake, na kesho yake unasikia yuko mji mwingine, Gumi au Ulsan. Sikumbuki karakana yetu ilikuwa ya ngapi.

Mwaka huo, mwishoni mwa Aprili, misonobari ilimwaga chavua kuliko kawaida. Unga wa njano ulitanda juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, hadi kwenye kope za watu. Kwetu sisi chavua ni adui, maana punje moja ikinaswa chini ya utando inabaki pale kama chunusi isiyoiva. Tukafunga milango, tukalowesha sakafu, feni ikapigwa marufuku. Humo ndani tulikuwa watu wa kununa, kila mtu akimwona mwenzake amekaa karibu mno.

Ndipo likaletwa gari la spoti la Noh Jun-beom.

Jun-beom alikuwa tajiri wa kuku wa kukaanga; usingeweza kuvuka mtaa bila kuliona boksi lenye katuni ya uso wake ukicheka. Gari lake lilikuwa la viti viwili, kijani kilichokolea, limelala chini kama paka anayenyemelea. Alilinunua jipya kabisa na kulivisha utando wakati uleule. Sasa utando ulikuwa umegeuka manjano, na alitaka uvuliwe wote, rangi ing'arishwe, gari livishwe upya kabla ya Jumamosi, siku ya safari ya klabu yao. Akamkabidhi Bosi Pyo ufunguo, akaenda uwanja wa ndege kupanda ndege ya kisiwa cha Jeju.

Saa hiyohiyo baba yake akaingia.

Mzee Noh Pan-gil alikuwa dereva mstaafu wa basi la mjini, mwembamba, shati limechomekwa vizuri, na mkononi alibeba boksi la keki za mchele. Alitugawia sote, kisha akalizunguka gari mara kadhaa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Mwishowe akasimama mbele.

"Bampa hili naona bado zima," alimwambia Geum-ju. "Liache tu, binti. Ya nini kujichosha?"

"Gari halivishwi nusu, mzee. Mwenye gari kasema lote."

"Mwenye gari ni mwanangu."

"Basi mwanao anipigie simu."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa na kiatu. Simu haikupigwa. Mchana akarudi akisema alikuwa anapita tu. Jioni akapita tena, na safari hii akageuza ndoo, akaikalia.

Geum-ju alikwisha kuona jambo. Alipoliosha gari kwa povu na kulifuta kwa ule udongo laini wa kunasia uchafu, aligundua kwamba utando wa bampa la mbele haukuwa wa manjano kama mwingine, na kingo zake zilikuwa zimekatwa kwa mkono unaotetemeka. Akamwambia Bosi Pyo. Bosi akaleta kipimo cha unene wa rangi, akakigusisha kwenye milango, boneti na paa, kote salama. Bampa ni plastiki, na kipimo chetu kwenye plastiki hakisemi kitu.

Bosi Pyo alikuwa mtu wa tahadhari. Alikuwa anafunga mkanda hata akilisogeza gari kutoka ukuta huu hadi ule. Alimwagiza Geum-ju asiliguse bampa mpaka amuulize mwenye gari, na mwenye gari alikuwa hewani au mikutanoni, hapokei simu. Siku ya pili asubuhi akatoka kwenda kuchukua bunda la utando kwa wakala.

Kabla ya chakula cha mchana, Geum-ju alikuwa amemaliza kila kitu kingine. Utando wa zamani ulikuwa umerundikana sakafuni kama magamba ya nyoka. Rangi ya kijani ilikuwa imepitiwa na mashine ya kung'arisha mpaka nilijiona ndani ya mlango, na sikukifurahia nilichokiona. Lilibaki bampa tu. Nilimmiminia chai ya shayiri, nikamwambia aketi. Aliketi, akasimama. Akapanga visu vyake kwa ukubwa. Akavipangua. Nikarudi kwenye kiti cha dereva na brashi yangu, na kupitia kioo cha mbele nikamwona anachukua bomba la mvuke.

"Geum-ju," nikasema.

"Kona tu, dada. Nione gundi yake ikoje."

Kona ikatoka vizuri. Alikuwa akivuta polepole, utando ukiwa umelala karibu na rangi, kama inavyotakiwa. Kiganja kimoja, viganja viwili. Kisha nikasikia sauti kama kitambaa kikuukuu kinachochanika, na mkono wake ukaganda hewani.

"Njoo uone nilichokifanya," alisema.

Chini ya taa, upande wa kulia, kijani kilikuwa kimeondoka na utando. Pale palibaki kidonda cheupe, kikubwa kuliko kiganja: puti, ile dawa ya kuzibia mibonyeo kabla ya rangi, tena imepasuka kama matope ya ziwa lililokauka.

Bosi Pyo aliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alifunga mlango kwa komeo, akachuchumaa mbele ya bampa. Halafu akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitalini. Jirani yetu wa nyuma anapiga rangi. Atapiga leo, ataikausha kwa taa, kesho kutwa tunavisha, Jumamosi gari linaondoka na hakuna aliyeona kitu. Tajiri wa kuku ana mdomo, na klabu nzima ya magari ina masikio. Rangi mbichi haivishwi utando, hilo alilijua vizuri kuliko sisi. Lakini itashika angalau mpaka litoke mlangoni.

Geum-ju alikuwa anazunguka gari, anazunguka tu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Noh. Bosi alijaribu kumzuia, lakini mzee alikwisha kuuona uso wa Geum-ju, akapenya. Alipofika mbele ya gari alikitazama kile kidonda, akatafuta ndoo yake, akaketi.

"Ni mimi," alisema.

Bosi Pyo akafunga tena komeo.

"Mwanangu alikuwa Vietnam kwa biashara zake. Ufunguo ulikuwa kwenye sahani, pale kwenye viatu. Nimeendesha basi maisha yangu yote, jamani. Ukipata mwendo, kituo. Wanashuka, wanapanda, unapata mwendo, kituo tena. Nilitaka niende tu. Nisisimame." Akajifuta chavua usoni. "Nikaenda mpaka Yeongdeok, baharini. Njia nzima sikugusa hata jani. Nimefika, naegesha mbele ya mgahawa wa kaa, nikagonga nguzo ya jiwe. Naegesha! Mimi!"

Rafiki yake mmoja alimpigia rangi uani kwake na kubandika utando mpya juu, na mzee akaishi na siri hiyo tangu wakati ule, akishtuka kila mwanawe alipochuchumaa kulipangusa gari. Sasa aliomba tusiseme. Jun-beom amekuwa akimshinikiza arudishe leseni kwa sababu ya umri, alieleza. Akisikia hili, hata kigari chake kidogo cha kwendea sokoni atanyang'anywa.

Bosi Pyo akapata pumzi. "Umesikia, Geum-ju? Baba mtu mwenyewe ndiye anaomba. Sisi ni nani?"

Geum-ju alimtazama mzee, akamtazama bosi. Akaenda kwenye meza yake, akakusanya visu, kipangusio, chupa zake mbili za maji ya sabuni. Akapita kati yetu kama sisi ni nguzo, akafungua komeo, akatoka kwenye ule unga wa njano. Mimi sikumfuata. Nilijua anakokwenda, alikuwa anakwenda mbali, kama kawaida yake.

Yaliyotokea baada ya hapo alinisimulia yeye. Alikwenda moja kwa moja kituo kikuu cha mabasi, akakata tiketi ya Ulsan. Basi likaja. Abiria wakapanda. Yeye akasimama mlangoni, mfuko begani, mguu mmoja juu ya ngazi.

"Mama, unapanda au hupandi?" dereva akamuuliza.

"Nipe dakika."

"Mimi sina dakika, nina ratiba."

Basi likaondoka. Aliniambia hakuwa na wazo lolote la maana kichwani, wala hakuwa na ushujaa. Kilichomkera ni ile kona. Hakuna aliyemsukuma mkono. Aliambiwa asubiri na yeye akavuta; na sasa yule mzee, aliyekwisha kuzoea woga wake, alikuwa amelazimika kumwaga aibu yake mbele ya watu wasiomhusu. Akipanda basi, Bosi Pyo atapaka rangi mbichi juu ya uongo, na akifika Ulsan atakuwa na kitu kingine cha kukimbia. Akazunguka ukumbi wa kituo mpaka mfagiaji akaanza kumwangalia vibaya. Kisha akampigia Jun-beom, akapiga tena, akapiga mpaka ikapokelewa.

Alimweleza lake tu. Kwamba anaitwa Tak, fundi wa utando. Kwamba aliambiwa asubiri asiguse bampa, hakusubiri, na rangi imebanduka. Kwamba hakuna wa kulaumiwa karakanani ila yeye. Jun-beom akamuuliza kama ana wazimu. Akajibu kwamba inawezekana. Kisha akampigia bosi kumwambia rangi isipigwe, mwenye gari ameshajua.

Jun-beom aliwasili kesho yake asubuhi akitokea uwanja wa ndege, bado anavuta sanduku la magurudumu. Tulikuwapo sote: bosi amekunja uso, mimi na kitambaa changu, Geum-ju, aliyekuwa amerudi na visu vyake, amesimama kando ya gari mikono nyuma kama mwanafunzi. Na kwenye ndoo, karibu na mlango, baba yake. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe, na Jun-beom alipomwona alidhani mzee amekuja kushangaa magari, akampita.

Alichuchumaa, akagusa kidonda kwa kidole.

"Nani alikwambia uguse?"

"Hakuna. Niliambiwa nisubiri."

"Kwa nini hukusubiri?"

"Siwezi kusubiri," Geum-ju alisema. "Ndivyo nilivyo. Si sababu, lakini ndilo jibu."

Basi akamshukia. Alimwambia maneno mengi, kwamba watu kama yeye ndio wanaoharibu kazi za wenzao, kwamba gari hili ni kitu cha kwanza kizuri alichowahi kumiliki tangu azaliwe, kwamba alikaanga kuku mpaka nyusi zikaungua ndipo akalipata. Geum-ju aliyapokea yote. Mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika, hicho tu.

Bosi Pyo, nadhani dhamiri ilimchoma, akaingilia kati. "Bwana Noh, tuseme haki. Rangi ya kiwandani haibanduki namna hii. Hapo paligongwa, pakapigwa puti."

"Gari langu halijawahi kugongwa."

Jun-beom akatutazama mmoja mmoja, na akaishia kwa Geum-ju.

"Wewe unajua kitu."

"Najua. Lakini hilo si langu la kusema."

Nilisikia ndoo ikikwaruza sakafu. Mzee Noh alikuwa amesimama, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Jun-beom, mwache fundi. Ni mimi niliyeligonga."

Mwana hakugeuka upesi. "Lini?"

"Ulipokuwa Vietnam."

"Wapi?"

"Yeongdeok."

Jun-beom alihesabu umbali huo kichwani, tukaona anauhesabu. "Ulikwenda mpaka Yeongdeok. Kula kaa?"

"Sikula," mzee alisema. "Niligonga nikaingiwa na hofu. Nikageuza nikarudi."

Ungedhani mtu angecheka hapo. Hakuna aliyecheka. Jun-beom alitoka nje, akasimama barabarani akiwa ametupa mgongo, na chavua ikamshukia mabegani. Tulimwona akitoa simu, akiirudisha mfukoni, akiitoa tena. Aliporudi ndani alimwambia baba yake achukue teksi arudi nyumbani. Kwa Bosi Pyo akasema bampa lipigwe rangi upya na fundi wa kweli, kwa ukweli. Alipokuwa akiondoka na sanduku lake alisimama mlangoni, akamgeukia Geum-ju.

"Utavisha wewe," alisema. "Ulichoanza, maliza."

Sasa, rangi mpya lazima ipumue. Ukiivisha mapema, mvuke wake unanaswa chini na utando unajaa malengelenge. Inataka wiki kadhaa bila kufunikwa. Kwa Geum-ju hicho kilikuwa kifungo. Bampa lilirudi liking'aa, likawekwa kwenye stendi kwenye kona, na yeye akawa analipita akilitolea macho kama mtu anayemdai jirani. Alivisha magari mengine. Alifua mataulo yote ya karakana, safi na machafu. Alianza kugombana na Bosi Pyo kuhusu jinsi ya kukunja turubai. Kila asubuhi niliingia nikitegemea kukuta meza yake tupu, na kila asubuhi alikuwapo, amenuna.

Mzee Noh naye akawa anakuja. Nyumbani mwanawe alikuwa hamsemeshi. Wanakula supu ya maharage meza moja, kimya, runinga ndiyo inayoongea. Kwa hiyo mzee alikuja kwetu kuuliza kama rangi imekauka.

"Bado, mzee."

"Hata upande mmoja?"

"Rangi haikauki upande, mzee. Keti."

"Wewe mwenyewe huketi."

Mwishowe wakaacha kujidanganya, wakawa wanatoka pamoja saa ya chakula na kutembea kando ya kijito hadi daraja la mwisho na kurudi, haraka kama watu waliochelewa msibani. Waliongea nini sijui. Siku moja Geum-ju alirudi akaniambia mzee amekwenda peke yake ofisini na kurudisha leseni. Nilimuuliza kama alilia. Akasema hapana, alilalamikia foleni.

Mvua za kiangazi zilipoanza na chavua ikasombwa, Geum-ju alivisha lile bampa. Nilisimamisha kazi zangu nikamtazama. Alinyunyiza maji ya sabuni, akalaza utando, akauinua, akaulaza tena. Kwenye mapindo ya matundu ya hewa, ambako utando hupenda kujikunja na kutoa mabawa, alipuliza hewa ya moto, akakandamiza kwa kidole gumba, akasubiri upoe. Alihesabu kwa sauti ili asiondoe kidole. Aliharibu kipande cha kwanza. Akakitupa bila kutukana, akaanza kingine. Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Jun-beom alikuja kulichukua gari na baba yake. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa bampa, akatafuta mahali utando unapoishia, hakupaona. Akamwinamia Geum-ju kidogo, kichwa tu. Kisha akafungua mlango wa abiria.

"Baba, panda."

"Tunakwenda wapi?"

"Panda kwanza."

Mzee akajikunja kuingia, maana gari lile ni la chini na magoti yake ni ya dereva wa basi. Baadaye tulisikia walifika Yeongdeok, wakala kaa mpaka wakachoka, na kwamba njia nzima mzee alikuwa anamwambia mwanawe anaendesha kama amebeba trei ya mayai. Mapatano kamili hayakuwapo. Wiki iliyofuata walikuwa wamenuniana tena kwa sababu nyingine.

Geum-ju alikaa kwetu mpaka majani yalipogeuka rangi. Hapo akapata chumba kidogo cha kazi Gyeongsan, mji wa jirani, kilichokuwa ghala la matofaa, akahamia. Nilikwenda kumsaidia kupaka chokaa. Ukuta mmoja aliutaka ubandikwe karatasi, na aliibandika mwenyewe juu ya ngazi, akaniambia ya kwanza hiyo kuibandika kwenye nyumba ambayo atalala humo. Nikamshikia ndoo ya gundi.

Yupo huko bado. Wiki iliyopita alinipigia asubuhi, sauti juu, nikadhani kuna msiba. Kumbe mbu mdogo ameingia chini ya utando, katikati kabisa ya boneti nyeupe ya mteja, na alitaka mtu wa kumsikiliza huku akiamua kama aubandue wote.

"Umekunywa chai?" nilimuuliza.

"Chai gani, dada? Nimeshaubandua."